Majirani Walipumua, Dada Alizama

Mama mkubwa hakusema neno. Alitoka chumbani na pakiti ya dawa mkononi, akapita uani mbele yetu sote, akaingia chooni. Tukamsikia akizitoboa moja moja. Kapsuli za kijani na nyeupe, dozi ya karibu mwezi mzima, zikaishia shimoni.

Mjukuu wake ndiye aliyekuwa ameandika jina la dawa kwenye simu na kumsomea kwa sauti. Fluoksetini. Dawa ya sonona, ile huzuni nzito inayomlaza mtu. Bibi hakusubiri amalize. Kwake yeye dawa ya sonona ndiyo iliyomtia mwanawe wazimu miaka michache nyuma, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Dada, binti yake na mwenye dawa, alikuwa barazani kwenye cherehani yake. Hakupiga kelele. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, kisha akasema bila kugeuka:

"Mama, wewe unaogopa nikipanda. Mimi naogopa nikishuka. Sasa anayeumwa hapa ni nani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi niliaga mapema siku ile nikasingizia basi, lakini swali lile nimetoka nalo Tanga, nimefika nalo Dar, na wiki zote hizi limekaa nami. Nimemwomba dada ruhusa ya kuandika. Akasema, andika, ila jina langu liache, na usinifanye mtakatifu.

Mwezi wa sare

Dada ana bipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hadi achangamke kupita kiasi, ndiyo mania, kisha kumshusha hadi sonona. Kama nyumbani kwenu kuna mwenye nao, huna haja ya mimi kukueleza zaidi kupanda ni nini na kushuka ni nini. Naanzia pale ambapo hakuna aliyeuita ugonjwa.

Ilikuwa Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa. Dada alichukua tenda ya sare za shule tatu kwa mpigo. Majora ya kitambaa yakaingia kwa mkopo, ya bluu, ya kijani, ya maruni, yakajaa sebuleni hadi tukawa tunayaruka. Alikuwa analala saa mbili au tatu tu. Alfajiri unamkuta keshapiga pasi mashati, keshafagia uwanja wetu na wa jirani, anaimba kaswida. Mwenye duka la vitambaa alimkopesha kwa sababu ya mdomo wake tu, jinsi alivyokuwa anaongea kwa uhakika. Mjomba alisema laiti watoto wote wa ukoo huu wangekuwa hivi.

Tulijivuna naye.

Februari akalala. Sonona ile haikuwa ya machozi. Ilikuwa ya kutonawa uso, ya kumjibu mtu baada ya dakika nzima, ya kuacha chai ikapoa mbele yake kana kwamba imeletwa kwa ajili ya mtu mwingine. Sare za shule mbili hazikumalizika. Wenye madeni wakaanza kuja.

Kombe alinywa, dua alisomewa. Baadaye akapelekwa zahanati, akaandikiwa amitriptilini. Sina kesi na zahanati hiyo. Tabibu alikuwa na foleni inayofika nje, akamwona mwanamke asiyekula wala kulala, akampa dawa ya bei nafuu inayopatikana kirahisi, ambayo wengine hupewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu au kipandauso. Ni dawa ya sonona kweli. Kwa mtu anayeshuka tu bila kupanda, ingekuwa dawa halali.

Swali ambalo halikuulizwa ni hili: kuna kipindi uliwahi kukaa siku kadhaa mfululizo hulali na huchoki? Vitabu vya tiba vinataka siku nne tu za hali hiyo ya kuchangamka kusiko kwa kawaida ili ihesabiwe kupanda kudogo, na wiki moja ili iitwe mania kamili. Mwezi wa sare ulizidi vyote.

Ila hebu tuwe wakweli. Hata angeulizwa, dada angejibu hapana. Kwake yeye Desemba ile ndiyo pekee aliyokuwa mzima. Mtu wa kujibu alikuwa mama mkubwa, na mama mkubwa alikuwa kwenye benchi nje, ameshika kadi na chupa ya maji. Na yeye naye, sina hakika angesema nini. Nani anaripoti bidii ya mwanawe kwa daktari?

Hili si la kwetu peke yetu. Huko Marekani, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2003, watu wenye bipola waliulizwa waliambiwa nini mara ya kwanza. Asilimia 69 walikuwa wamepewa jina la ugonjwa mwingine, mara nyingi sonona ya kawaida, na zaidi ya theluthi moja walisubiri miaka 10 au zaidi kabla ya kupata jina sahihi.

Wiki chache baada ya amitriptilini dada aliinuka kitandani. Tulichinja kuku.

Haukupita muda akawa anatoka usiku kugonga milango ya watu, awaambie serikali imempa tenda ya sare za nchi nzima. Aliuza cherehani ya kwanza kwa bei ya bure. Alimtolea mjumbe maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Usiku wa mwisho vijana wa mtaa walimfunga mikono kwa kanga zake mwenyewe, ndipo akafikishwa hospitali.

Tangu Münsterlingen

Nilipoanza kusoma kuhusu dawa ya sonona kumpandisha mtu, nilidhani nitakuta jambo jipya, kitu ambacho wataalamu wamekigundua juzi. Wapi. Lilionekana tangu siku za mwanzo kabisa. Katikati ya miaka ya 1950, daktari Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, alikuwa anajaribu imipramini, dawa ya kwanza ya ukoo ule ule wa amitriptilini. Mwaka 1957 akachapisha alichokiona: watu waliokuwa wamezama wanainuka. Na baadhi yao walikuwa wanapitiliza, wanachangamka kupita mahali pa uzima.

Wakati huo huzuni ilihesabiwa kuwa huzuni. Ilibidi kufika mwaka 1966 ndipo Jules Angst wa Uswisi na Carlo Perris wa Uswidi, kila mmoja kwa utafiti wake, walipoonyesha kwamba wanaoshuka tu na wanaoshuka na kupanda ni makundi mawili tofauti, hata ukitazama koo zao. Yaani dawa ilitangulia, na kutenganisha wagonjwa kukafuata miaka karibu kumi baadaye. Kwenye zahanati zenye foleni ndefu, kazi hiyo ya kutenganisha bado haijafika.

Nilitaka mama mkubwa awe sahihi

Nakiri nilisoma nikiwa na upande. Nilitaka nipate mahali palipoandikwa kwamba dawa za sonona ni sumu kwa mwenye bipola, nimpigie dada simu, nimwambie mama alifanya vizuri, tuache ubishi.

Sikupapata. Nilichopata ni kigumu zaidi.

Mwaka 2014 watafiti wa Uswidi walifuatilia rekodi za wagonjwa wa bipola zaidi ya 3,000 walioanzishiwa dawa za sonona, wakalinganisha kila mgonjwa na hali yake mwenyewe kabla ya dawa. Waliopewa dawa hizo peke yake, hatari ya kupata mania katika miezi mitatu ya mwanzo ilikaribia mara tatu. Waliopewa huku wakitumia dawa ya kuweka hisia sawa, hatari haikuongezeka.

Halafu dawa zenyewe hazifanani. Uchambuzi wa mwaka 1994 uliokusanya majaribio ya dawa ulikuta kwamba kati ya wagonjwa 100 wa bipola waliopewa dawa za ukoo wa amitriptilini, kama 11 walipanda. Kwa dawa za ukoo wa fluoksetini hawakufika 4, sawa tu na waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani.

Kwa hiyo dawa iliyompandisha dada na dawa iliyotupwa chooni ni ndugu wa mbali. Ile ya kwanza alipewa peke yake. Hii ya sasa alipewa akiwa tayari anameza lithiamu, mojawapo ya dawa za kuweka hisia sawa, na damu yake imeshapimwa. Mama mkubwa aliona jina moja juu ya vitu viwili.

Ningeishia hapo ningekuwa na makala nzuri ya kumtetea dada. Bahati mbaya niliendelea kusoma.

Mwaka 2007 Marekani ilitoa matokeo ya jaribio kubwa: wagonjwa 366 wa bipola waliokuwa wamezama kwenye sonona, wote wakiwa kwenye dawa za kuweka hisia sawa. Nusu wakaongezewa dawa ya sonona, nusu wakaongezewa kidonge kitupu, bila kujua nani kapata nini. Wakafuatiliwa hadi wiki 26. Waliopata nafuu ya kudumu kwa dawa ya kweli walikuwa asilimia 23.5. Kwa kidonge kitupu, asilimia 27.3.

Rudia kuzisoma namba hizo. Dawa haikuwapandisha watu zaidi ya kidonge kitupu. Wala haikuwainua.

Hapo nilifunga kompyuta nikaenda kununua mihogo. Maana kama ni hivyo, walikuwa wanagombania nini pale uani? Dada aliinuka baada ya kuanza fluoksetini, nililiona kwa macho yangu. Lakini pia ndiyo kwanza lithiamu ilikuwa imefika kiwango chake kwenye damu. Na sonona huwa ina mwisho wake, hata bila mtu kuigusa. Nani alimwinua? Jaribio lile lilitumia dawa nyingine mbili, si yake, na wastani wa watu 366 haumtaji mtu hata mmoja. Marekani hiyo hiyo, mwaka 2003, iliidhinisha mchanganyiko wa fluoksetini na dawa nyingine ya akili, olanzapini, mahsusi kwa sonona ya bipola. Mwaka 2013 jopo la wataalamu la jumuiya ya kimataifa ya bipola likakaa na ushahidi wote, na mojawapo ya waliyoyakemea ni hili: usimpe mwenye bipola ya aina ya kwanza, ile yenye mania kamili, dawa ya sonona peke yake. Kwa mengi mengine, walikiri ushahidi hautoshi.

Ndiyo tuko hapo.

Kikao ambacho hakikukaa

Namba iliyonigeuza haikuwa ya dawa. Ilikuwa ya ugonjwa wenyewe.

Watafiti wa Marekani waliwafuata wagonjwa 146 wa bipola ya aina ya kwanza kwa karibu miaka 13, wakiandika hali zao wiki kwa wiki, na mwaka 2002 wakachapisha. Karibu nusu ya wiki zote wagonjwa hawakuwa sawa. Kupanda kulichukua takriban asilimia 9 ya wiki. Sonona ilichukua takriban asilimia 32.

Sisi tulikuwa tunaijua ile 9 tu.

Nikaanza kukumbuka vitu ambavyo sikuwahi kuviweka pamoja. Dada alipokuwa juu, kikao cha ukoo kilikaa ndani ya siku mbili. Mjomba alikuja kutoka Korogwe. Michango ilipigwa, gari likakodiwa, deni la majora likagawanywa. Alipotoka hospitali akiwa ametulia, anatembea kwa kuburuta miguu na ulimi mzito, mjumbe alifika nyumbani kutoa pongezi. Majirani walipumua. Watu waliambiana amepona.

Kisha alilala kwenye mkeka chumba cha uani kwa muda mrefu kuliko kipindi kingine chochote, na hakuna kikao kilichokaa. Hakuna aliyetoka Korogwe. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Hajambo, amepumzika." Hata masihara yetu yako hivyo. Mtu akitaka kumtania mwenzake anamwambia atapelekwa Mirembe, hospitali ile ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927, na kila anayecheka ana picha ya mtu anayepiga kelele. Hakuna utani kuhusu mtu aliyegeukia ukuta.

Siku aliyosema anatamani asiamke tena, hakutuambia sisi. Alimwambia binti wa jirani aliyekuwa anamletea maji. Binti akaja kwa mama mkubwa analia. Ndipo tukarudi kwa daktari wa akili, na pale dada mwenyewe, kwa sauti ambayo ilibidi daktari ainame kuisikia, aliomba kitu cha kumtoa chini.

Kwa hiyo alipouliza anayeumwa ni nani, alikuwa anauliza jambo la kweli kabisa. Mania ya dada ilituumiza sisi. Sonona ilimuumiza yeye. Na sisi ndio tuliokuwa na miguu ya kwenda chooni.

Chumvi ya nyumba nzima

Kuna watakaosema, si apewe hiyo dawa ya kuweka hisia sawa basi, yaishe? Ningependa iwe rahisi hivyo.

Lithiamu ilianza kutumika kwa mania baada ya John Cade wa Australia kuandika alichokiona mwaka 1949, na hadi leo ni miongoni mwa dawa chache zinazohusishwa na kupungua kwa vifo vya kujiua. Lakini ina mstari mwembamba. Madaktari wengi hulenga damu iwe nayo kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 unaingia kwenye sumu. Figo na tezi ya shingo lazima vipimwe kila baada ya muda.

Mwaka jana mikono ya dada ilianza kutetemeka. Alishindwa kutunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anamwita mtoto amtungie, anasema macho. Akaanza kuharisha, akawa anayumba akisimama. Daktari alipima damu, akakuta lithiamu imepanda, na vidonge vilikuwa vile vile. Akaanza kuhoji kama askari wa upelelezi. Mgongo ukiuma unameza nini? Diklofenaki, ya dukani. Chakula? Cha kawaida. Chumvi?

Mama mkubwa akasema chumvi wameacha. Yeye ana presha, aliambiwa apunguze, na hawezi kupika sufuria mbili, kwa hiyo nyumba nzima inakula bila chumvi.

Ikawa ndiyo hiyo. Diklofenaki inaizuia figo kuitoa lithiamu, na chumvi ikipungua ghafla mwilini figo huishikilia lithiamu badala yake. Siku hizi dada ana kichupa chake cha chumvi mezani, kipimo kile kile kila siku, na mgongo unatulizwa kwa parasetamoli. Kuhusu funga ya Ramadhani, daktari aliuliza kabla sisi hatujakumbuka, kwa sababu joto la pwani na kutokunywa maji mchana kutwa hufanya kazi ile ile.

Valproeti ipo, ile ya kifafa, na haina mambo ya chumvi. Daktari aliikataa. Dada bado anataka mtoto mwingine, na mama anayeitumia akiwa mjamzito, takriban watoto 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Kwetiapini, dawa nyingine ya bipola, anaipenda hata jina, lakini inamlaza hadi saa tano asubuhi, na fundi anayeamka saa tano hana wateja.

Ukishaona orodha hiyo, ile pakiti ya kijani na nyeupe inaonekana tofauti.

Namba moja, macho mawili

Baada ya fluoksetini kutupwa, daktari aliulizwa swali ambalo angeulizwa hata bila choo: mtu akishainuka, aendelee nayo au aachishwe?

Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2023 ambalo liliuliza swali hilo hilo. Watu 177 wenye bipola ya aina ya kwanza, wa Kanada, Korea Kusini na India, waliokuwa wametoka kwenye sonona wakiwa na dawa ya kuweka hisia sawa na dawa ya sonona. Kundi moja likaachishwa dawa ya sonona baada ya wiki 8. Jingine likaendelea nayo hadi wiki 52. Ukijumlisha kupanda na kushuka pamoja, waliorudiwa na ugonjwa ni asilimia 31 ya walioendelea na asilimia 46 ya walioachishwa. Jaribio lilikatizwa kabla ya kupata watu wote waliotakiwa, na tofauti hiyo haikutosha kitakwimu kusema kitu kwa uhakika.

Ila zitenganishe. Sonona: asilimia 17 kwa walioendelea, 40 kwa walioachishwa. Kupanda: asilimia 12 kwa walioendelea, 6 kwa walioachishwa.

Zisome ukiwa mama mkubwa. Kupanda mara mbili.

Zisome ukiwa dada. Arobaini au kumi na saba.

Nilimpelekea daktari swali langu kupitia dada: namba ya nani inatangulia? Alijibu kwamba yeye huanza na ya mgonjwa, kisha humtafuta mtu mmoja wa nyumbani anayelala karibu na mgonjwa na kusikia usiku. Bila mtu huyo, alisema, hawezi kuandika dawa hii kwa amani.

Daftari

Mtu huyo ni mama mkubwa. Hakuna mwingine. Kwa hiyo ilibidi waelewane, na haikuchukua siku moja. Mama mkubwa alitaka kwanza aelezwe na daktari mwenyewe tofauti ya ile dawa ya zamani na hii. Alielezwa. Alisema ameelewa lakini haamini. Dada alisema inatosha.

Daktari aliandika fluoksetini upya, dozi ile ile ndogo. Lithiamu haiguswi. Mambo mengine yako kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wa dada. Akilala kwa muda usiofika saa tano, siku mbili mfululizo, na asichoke, daktari anapigiwa siku hiyo hiyo, bila kusubiri usiku wa tatu, kwa sababu fluoksetini hata ukiiacha leo hukaa mwilini wiki kadhaa. Tenda yoyote inayohitaji mkopo inapita kwanza kwa mjomba. Namba ya siri ya pesa za kwenye simu anaijua mama mkubwa. Hakuna mtu anayetupa dawa ya mtu.

Hayo yote yalikuwa ya kuzuia kupanda. Dada akageuza ukurasa, akaandika lake. Akipita wiki nzima bila kugusa cherehani, apelekwe hospitali, kwa gari la kukodi, na mjomba aitwe kutoka Korogwe. Kama ile mara nyingine.

Mama mkubwa alisomewa. Akasema wiki nzima ni nyingi mno, andika siku tatu.